Nafsi tatu, Mungu mmoja: hivi "nafsi" hapo ni kitu gani hasa?

#1 Kichwa_Kigumu
Wakuu habari zenu. Nauliza kitu na naomba nisipewe jibu la "ni fumbo, amini tu", hilo nimeshalipata la kutosha.

Tunasema Mungu mmoja nafsi tatu. Haya. Mimi nikisikia nafsi naelewa mwenye kujijua, anayesema "mimi", mwenye akili yake na utashi wake, anayeweza kukubali au kugoma. Sasa nikiipeleka hiyo maana kwa Mungu napata watatu wanaojijua kila mmoja kivyake na kila mmoja na utashi wake, na hao kwa hesabu ya kawaida ni miungu watatu wanaoelewana sana. Nikiitoa hiyo maana, nikasema kule kuna kujijua kumoja na utashi mmoja, basi pale Gethsemane nani alikuwa anamwambia nani "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke" (Luka 22:42)? Mtu hajiambii mwenyewe hivyo halafu tukaiita sala.

Kwahiyo mnaposema watatu, watatu nini?

#2 Sikio_la_Kufa
Napiga kambi hapa. Uzi wa namna hii huwa unafika kurasa ishirini na hakuna anayebadili dini.

#3 Nuru_ya_Alfajiri
Mbona rahisi mkuu. Maji, barafu, mvuke. Kitu kimoja, hali tatu. Nilifundishwa hivi tangu utotoni na sijawahi kupata shida.

#4 Mzee_wa_Zaburi
Binti yangu Nuru, hujapata shida kwa sababu hujaulizwa. Huo mfano ndio mafundisho ya Sabellius yaliyokataliwa karne ya tatu, kwamba Mungu ni mmoja anayejitokeza kwa sura tatu, leo Baba, kesho Mwana, baadaye Roho. Ukifuata hapo, pale mtoni Yordani (Mathayo 3:16-17) unakwama: Mwana yuko majini, Roho anashuka, Baba anaongea, yote kwa wakati mmoja. Hata kabla ya Sabellius alikuwepo Praxeas, na Tertullian, mwandishi Mkristo wa zamani, aliandika dhidi yake mnamo mwaka 213 akamkejeli kwamba amemsulubisha Baba. Maana kama Baba na Mwana ni yule yule amebadili sura tu, basi Baba ndiye aliyekufa msalabani.

#5 Nuru_ya_Alfajiri
Shikamoo mzee. Ila fizikia tulisoma wote, kuna mahali maji yanakuwa barafu, maji na mvuke kwa wakati mmoja, nyuzi 0.01 za Selsiasi na presha ndogo sana 😂 sasa hapo Sabellius anaingiaje?

#6 Mzee_wa_Zaburi
Marahaba. Hapo umetoka kwa Sabellius umeingia kwingine, kipande hiki barafu kipande kile mvuke, yaani theluthi theluthi. Mungu hana vipande. Acha maji yapumzike.

#7 Jina_Moja
Naona Sabellius anatukanwa lakini hajajibiwa. Biblia inasema "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja" (Kumb 6:4). Neno nafsi tatu halipo Mwanzo mpaka Ufunuo. Mitume walibatiza kwa jina la Yesu, Matendo 2:38, hawakubatiza kwa vyeo vitatu. Mwana ni Mungu aliyevaa mwili, Baba ni Mungu yule yule asiyeonekana. Gethsemane ni ubinadamu unamwomba Uungu, basi. Mkuu #1 tatizo lako linaisha leo leo ukikubali hivyo.

#8 Kichwa_Kigumu
Jina_Moja angalau umejibu swali. Lakini ubinadamu "unaomba" vipi? Ubinadamu si mtu, hauna mdomo. Anayeomba ni fulani. Ukisema aliyeomba ni mtu Yesu na aliyeombwa ni Mungu aliye ndani ya Yesu, tayari umeshapata wawili, tena ndani ya Yesu mmoja.

#9 Nilitoka_Huko
Nilikuwa kwenye kanisa la msimamo wa Jina_Moja miaka mingi, nikabatizwa tena ili "nirekebishwe". Sina ugomvi nao, wanaomba kweli kweli. Huo mkondo ulianzia kambi ya kiroho karibu na Los Angeles mwaka 1913, na 1916 wahubiri wengi walitoka Assemblies of God kwa sababu ya swali hili hili. Kilichonitoa mimi si mdahalo, ni Yohana 17:5. Tulikuwa tunasoma kwa zamu, nikapangiwa sura hiyo nisome kwa sauti, nikafika "utukufu ule niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako" nikasimama. Kabla ya ulimwengu kuwako hakuna mwili wa kuuvaa. Sasa huyo "mimi" na huyo "nawe" ni kina nani? Kiongozi akasema endelea kusoma ndugu, nikaendelea, lakini sikuwa nasikia tena ninachosoma.

#10 Jina_Moja
Ndugu, utukufu huo alikuwa nao katika mpango wa Mungu. Hata Mwana-Kondoo "aliyechinjwa tangu kuwekwa misingi ya dunia" hakuwa amechinjwa kweli tangu wakati huo.

#11 Nilitoka_Huko
Nililijua hilo jibu, nililitoa mwenyewe kwa wengine. Mpango haupendwi. Mstari wa 24 anasema Baba alimpenda kabla ya kuwekwa msingi wa ulimwengu.

#12 Msema_Kweli
Mnahangaika bure. Hizi nafsi tatu zilipigiwa kura kwenye mtaguso wa Nisea 325 kwa amri ya kaisari Konstantino, kabla ya hapo hakuna aliyezijua.

#13 Rafu_ya_Juu
#12 hapana mkuu, soma bandiko #4, Tertullian yuko zaidi ya miaka mia moja kabla ya Nisea na tayari anaandika nafsi tatu, asili moja. Na Nisea yenyewe haikutamka nafsi tatu popote. Iliamua Mwana ni wa asili moja na Baba, kumjibu Arius aliyesema Mwana ni kiumbe. Roho Mtakatifu alipewa kamstari kamoja tu mwishoni, kwamba wanamwamini, imekwisha. Maneno ya "Bwana mleta uzima" yanatoka kwenye kanuni ya Konstantinopoli 381.

Kingine ambacho watu hawakijui: laana zilizowekwa mwishoni mwa kanuni ya 325 zinalaani anayesema Mwana ni wa *hypostasis* tofauti na Baba. Na neno hilo hilo la Kigiriki ndilo makanisa ya Mashariki walikuja kulitumia kwa maana ya nafsi, wakisema ziko tatu! Kwa wakati ule wengi walilitumia kama asili. Ikabidi mwaka 362 Athanasius, askofu wa Aleksandria, aitishe sinodi huko, waliosema "tatu" wakaulizwa mnamaanisha miungu watatu? wakasema hasha. Waliosema "moja" wakaulizwa mnamaanisha kama Sabellius? wakasema hasha. Wakakubaliana kwamba imani yao ni moja. Kwahiyo mkuu #1 usijione mjinga, hata maaskofu walihitaji kuulizana kwanza.

#14 Msema_Kweli
Konstantino aliitisha mkutano, hakuitisha? Basi.

#15 Rafu_ya_Juu
Aliitisha. Na mwanae Konstantio alikuja akawasapoti wapinzani wa Nisea, Athanasius akafukuzwa uaskofu mara tano. Kama ilikuwa project ya ikulu basi ikulu yenyewe ilikuwa haijui inataka nini.

#16 Dada_Mkubwa
Nafundisha watoto wa kipaimara. Kuna mmoja, mdogo kuliko wote darasani, aliuliza: nikiomba, wananisikia wote watatu au mmoja anapokea halafu anawaambia wenzake? Darasa lote likacheka, mimi sikucheka kwa sababu sikuwa na jibu. Nikasema tutaendelea kipindi kijacho. Huyo mtoto kipindi kijacho alikuja kakaa mstari wa mbele kabisa ananitazama.

#17 Sikio_la_Kufa
😂😂😂 huyo mtoto apewe parokia

#18 Mzee_wa_Zaburi
Dada, mtoto wako yuko na Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya nne. Yeye aliandikiwa na mtu anaitwa Ablabio: Petro, Yakobo na Yohana wana asili moja ya ubinadamu na tunawaita watu watatu, kwa nini basi Baba, Mwana na Roho tusiwaite miungu watatu? Jibu lake kubwa ni kwamba watu watatu kila mmoja anafanya kazi yake, hata wakiwa wakulima wote kila mmoja na jembe lake. Kwa Mungu tendo ni moja tu, linaanzia kwa Baba, linapita kwa Mwana, linakamilika katika Roho. Hakuna wa kupokea sala kisha kupeleka taarifa. Kusikia ni kumoja.

#19 Kichwa_Kigumu
Mzee nashukuru, ila umeshaona kilichotokea? Kusikia kumoja, kutenda kumoja, kutaka kumoja. Kila ninachokijua kuhusu nafsi umekihamishia upande wa "moja". Upande wa tatu kimebaki nini?

#20 Rafu_ya_Juu
Na mzee hajasema kwamba Gregori kwenye barua hiyo hiyo anadai hata kusema "watu watatu" ni mazoea mabaya ya lugha, maana ubinadamu ni mmoja na mtu kwa kweli ni mmoja.

#21 Sikio_la_Kufa
Ina maana humu ndani tuko mtu mmoja?? Basi nani alinifungia akaunti mwezi uliopita, nilijifungia mwenyewe?

#22 Msomi_Mlei
Nijibu #19 maana ndiyo roho ya uzi. Kinachobaki ni uhusiano. Augustino na baada yake Thoma wa Akwino wanasema kila kilichomo kwa Mungu ni kimoja isipokuwa pale panapokuwa na kutoka na kutokewa. Baba ni Baba kwa kumzaa Mwana, Mwana ni Mwana kwa kuzaliwa. Thoma anakwenda mbali, anasema nafsi katika Mungu NI huo uhusiano wenyewe, uliosimama wenyewe.

Mimi ni baba wa watoto lakini kabla sijawa baba nilikuwepo, nilikuwa fulani, nina miguu na deni. Ubaba umekuja ukanikuta. Kwa Mungu hakuna fulani aliyekuwepo halafu akawa Baba. Ukiondoa kumzaa Mwana hubaki na mseja wa milele, hubaki na kitu. Kwahiyo Kichwa_Kigumu unauliza watatu nini, jibu: wenye kuwa kwa kuelekeana.

Na Augustino alilijua swali lako neno kwa neno. Aliuliza watatu nini, akakiri kwamba lugha ya binadamu imeishiwa, tunasema nafsi tatu ili tusikae kimya tu.

#23 Kichwa_Kigumu
Uhusiano uliosimama wenyewe. Kaka hiyo ni sawa na kuniambia kuna ujirani mtaani lakini hakuna majirani.

#24 Msomi_Mlei
Kwa viumbe ndiyo, uhusiano unahitaji kitu cha kuuegemea. Kwa Mungu uhusiano hauegemei kitu kwa sababu ni Mungu mwenyewe. Najua inaudhi.

#25 Kichwa_Kigumu
Inaudhi.

#26 Bila_Jina_Leo
Naomba niingie na langu japo halijanyooka kithiolojia. Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau. Zamani alikuwa anasahau jina la mtu, siku hizi mimi ananiita "mama". Nikimvisha ananishika kidole hiki cha shahada, hakiachii mpaka nimalize vifungo vyote, halafu anasema asante mama. Kujijua, kukumbuka, kuamua, hayo ya bandiko la kwanza mengi yameshaondoka. Daktari mmoja aliwahi kusema mbele yake "huyu hayupo tena". Nilikasirika siku hiyo sijui nilifikaje nyumbani.

Sasa nikisoma hapa kwamba nafsi ni uhusiano kabla ya kuwa akili, mimi inanigusa, maana uhusiano haujaondoka, umegeuka tu. Ila naogopa nisije nikawa nashika kitu kwa sababu nakihitaji.

#27 Dada_Mkubwa
Pole sana dada. Mungu akutie nguvu.

#28 Mzee_wa_Zaburi
Pole mwanangu. Kwa hili hata Boethius aliyeandika mwanzoni mwa karne ya sita hakuachi. Watu wanamnukuu kwamba nafsi ni dutu ya pekee yenye ASILI ya akili. Asili, si matumizi. Aliyelala, aliyezimia, mchanga wa leo, mama yako, wote wana asili hiyo. Yule daktari alichanganya asili na utendaji.

#29 Fundi_Saa
Pole kwa #26. Nitasema jambo gumu kidogo na si dhidi yako dada. Hii habari ya nafsi ni uhusiano inapendwa sana, Zizioulas askofu wa Kiorthodoksi aliipa nguvu sana karne iliyopita, kwamba kuwa ni kuwa katika ushirika, na kwamba ndani ya Mungu chanzo si asili fulani ya pamoja bali ni nafsi ya Baba. Nzuri masikioni. Lakini chukua mtu asiye na mtu yeyote. Hakuna anayemjua, hakuna anayemvisha. Kama uhusiano ndio unaomfanya nafsi, huyo amekuwa nini? Ukijibu "ana uhusiano na Mungu", sawa, lakini mawe nayo yana uhusiano na Mungu, yameumbwa. Lazima kuwe na kitu ndani yake kinachomfanya aweze kuhusiana. Tunarudi kwa Boethius.

#30 Msomi_Mlei
Tofauti ni kwamba jiwe haliitwi. Mtu anaitwa kwa jina.

#31 Fundi_Saa
Na anaitwa kwa sababu ni nani tayari, au anakuwa nani kwa kuitwa? Chagua.

#32 Bila_Jina_Leo
Nawasoma wote. Asanteni.

#33 Mwana_wa_Ibrahimu
Salaam kwenu. Mimi ni Muislamu, nimefuata uzi kimya kimya. Msimamo wetu mnaujua, hakuzaa wala hakuzaliwa, sirudii. Nataka kusema tu kwamba msidhani sisi hatukuwahi kukwama karibu na hapo. Wanazuoni wetu waligombana sana juu ya sifa za Mungu, elimu yake, uwezo wake, maneno yake. Je ni Yeye au ni kingine? Ukisema ni kingine umeongeza wa milele zaidi ya mmoja, ukisema ni Yeye tu basi kujua na kuweza ni neno moja. Waashari, shule moja ya wanazuoni wa Kisunni, wakasema sifa si Yeye wala si kingine kisichokuwa Yeye. Kuanzia 833 khalifa al-Ma'mun alianza kuwahoji wanazuoni kuhusu Qurani kuumbwa, Ahmad ibn Hanbal akafungwa na baadaye akachapwa mijeledi akigoma kusema imeumbwa.

Sasa swali langu. Sisi tuliishia kwenye sifa. Nyinyi kwa nini mkaona sifa hazitoshi mpaka mkasema nafsi?

#34 Sikio_la_Kufa
Swali la ukurasa. Wakristo jibuni kistaarabu, mods wako macho.

#35 Nilitoka_Huko
Karibu ndugu. Kwangu ni kwa sababu sifa haisali. Elimu ya Mungu haimwambii Mungu "Baba". Tulimkuta mmoja anayesali kwa Baba na bado tukajikuta tunamwabudu. Hayo mengine yote ya Kigiriki ni kujaribu kueleza tulichokuwa tunafanya tayari.

#36 Mwana_wa_Ibrahimu
Nimekuelewa, ingawa kwangu hapo ndipo lilipo tatizo na si suluhisho. Ahsante kwa ustaarabu.

#37 Msomaji_wa_Andiko
Na Roho Mtakatifu je? Mnamruka tu. Roho ni nguvu ya Mungu inayotenda kazi, si nafsi. Inamwagwa juu ya wote wenye mwili (Matendo 2:17), watu wanajazwa nayo, wanabatizwa kwayo. Nani anamimina mtu?

#38 Mzee_wa_Zaburi
Paulo. "Kwa maana, mimi sasa namiminwa" (2 Timotheo 4:6). Na alikuwa mtu mzima.

#39 Nuru_ya_Alfajiri
😂😂 mzee hana huruma

#40 Mzee_wa_Zaburi
Roho anasema "Nitengeeni Barnaba na Sauli kwa kazi ile niliyowaitia" (Matendo 13:2). Anahuzunishwa, Efeso 4:30. Anadanganywa, Anania alimwambia uongo Roho Mtakatifu na mstari unaofuata unasema hukumwambia uongo mwanadamu bali Mungu. Hauwezi kuudanganya umeme.

#41 Msomaji_wa_Andiko
Mithali 8 hekima inapaza sauti njiani, inasema "mimi", inapenda na kuchukia. Mwanzo 4:7 dhambi "inakuotea mlangoni, nayo inakutamani wewe". Kwa kanuni yenu dhambi nayo ni nafsi. Maandiko yanaongea kwa mafumbo, kusema "mimi" hakutoshi.

#42 Fundi_Saa
Hili jibu la #41 ni zito kuliko mnavyolichukulia. Siku hizi hata programu za kompyuta zinasema "mimi" na "samahani nimekosea", hakuna aliyezipeleka kipaimara. Kusema "mimi" hakuthibitishi nafsi. Mnachohitaji ni kuonyesha kwamba Roho si namna ya kusema tu.

#43 Rafu_ya_Juu
Askofu Basili wa Kaisaria hakwenda kwa njia ya "anasema mimi". Kwenye kitabu chake juu ya Roho Mtakatifu, karibu na 375, anaangalia namna watu wanavyobatizwa na kutoa sifa. Unabatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho, Mathayo 28:19. Huwezi kuweka wawili walio fulani halafu wa tatu ukaweka nguvu, kwenye jina moja, kwa "na... na..." ile ile. Na kazi ya Roho ni kutakatifuza, sasa kiumbe au nguvu isiyo Mungu itamfanyaje mtu ashiriki umungu?

#44 Msomaji_wa_Andiko
Orodha haifanyi walio kwenye orodha kuwa sawa. 1 Timotheo 5:21 Paulo anaagiza mbele za Mungu na Kristo Yesu na malaika wateule.

#45 Rafu_ya_Juu
Hakuna anayebatizwa kwa jina la malaika.

#46 Dada_Mkubwa
Turudi Gethsemane jamani, mwenye uzi hajajibiwa.

#47 Mlinzi_wa_Lango
Gethsemane ilishafanyiwa kazi, karne ya saba, na kuna mtu ilimgharimu ulimi. Mtawa Maksimo Muungamishi. Wakati huo kaisari alitaka amani na waliojitenga baada ya mtaguso wa Kalsedonia uliosema Kristo ana asili mbili, ikatungwa fomula kwamba Kristo ana asili mbili lakini utashi mmoja. Maksimo akagoma. Hoja yake: utashi ni wa asili, si wa nafsi. Ubinadamu bila utashi wa kibinadamu si ubinadamu, na kama Kristo hakuchukua utashi wetu basi utashi wetu haujaponywa, na ndio wenye ugonjwa. Alikatwa ulimi na mkono wa kuume, akafa uhamishoni 662. Mtaguso wa Konstantinopoli 680-681 ukaja kumpa haki.

Sasa angalia matokeo Kichwa_Kigumu. Kama utashi unafuata asili, Mungu ana asili moja kwahiyo utashi mmoja, ingawa nafsi tatu. Kristo ana asili mbili kwahiyo utashi mbili, ingawa nafsi moja. Pale bustanini si Mwana wa milele anayebishana na Baba wa milele. Ni Mwana, kwa utashi wake wa kibinadamu unaoogopa kifo kama wangu na wako, anaukubali utashi wa kimungu ambao ni wa Baba na ni wake pia. Kosa la bandiko #1 ni kudhani nafsi na utashi ni pacha. Kanisa lilizitenganisha.

#48 Kichwa_Kigumu
Hili ndilo jibu bora mpaka sasa, nimelisoma tena na tena. Lakini ngoja. Kwahiyo Yesu ana akili ya kibinadamu, utashi wa kibinadamu, hofu ya kibinadamu, na bado SI nafsi ya kibinadamu?

#49 Mlinzi_wa_Lango
Ni nafsi moja, nafsi ya Neno, aliyekuwa mtu. Hakuna mtu Yesu wa pembeni ambaye Neno alikuja kumkalia. Hicho ndicho alichoshutumiwa nacho askofu Nestorius kwenye mtaguso wa Efeso, mwaka 431.

#50 Kichwa_Kigumu
Basi akili, utashi, hofu, kumbukumbu, vyote vikiwepo kamili bado havijafanya nafsi. Nafsi ni kitu kingine juu yake. Mimi nina hivyo hivyo vyote. Sasa mimi kinachonifanya nafsi ni kipi ambacho ubinadamu wa Yesu haukuwa nacho?

#51 Fundi_Saa
Haya.

#52 Sikio_la_Kufa
Niliwaambia kurasa ishirini.

#53 Msomi_Mlei
Jibu la shule ya Thoma: haukukosa kitu, ila haukusimama peke yake. Wewe umesimama kivyako, ule ubinadamu umesimama ndani ya Neno. Nafsi si kiungo cha ziada, ni NANI mwenye hivyo vyote. Ukiniuliza "nini" nitakutajia akili na utashi. Ukiniuliza "nani" sina cha kutaja zaidi ya kukunyooshea kidole.

#54 Bila_Jina_Leo
#53 hapo nimeelewa zaidi kuliko kote.

#55 Mwanaharakati_wa_Mawazo
Nyote mnakwepa. Mkiitoa akili na utashi kwenye nafsi mmebaki na ganda. Ndio maana Barth, mwanathiolojia Mprotestanti wa karne ya ishirini, akaona neno nafsi lina matatizo siku hizi, akapendelea kusema namna tatu za kuwapo, na Rahner Mkatoliki akasema kitu cha kufanana, kwamba masikio ya leo yakisikia nafsi yanasikia vituo vitatu vya kujijua. Moltmann, Mprotestanti mwingine, akawageuzia kibao, akasema hao wawili wanarudi kwa Mungu mpweke aliyejificha, Injili inaonyesha Baba, Mwana na Roho wakipendana kweli, watatu kweli, na umoja wao ni wa kuingiana wala si wa hesabu. Mimi niko na Moltmann. Upendo bila wawili ni kujipenda.

#56 Mlinzi_wa_Lango
Richard wa Mtakatifu Viktori alisema hayo ya upendo karne ya kumi na mbili na akaongeza kwa nini watatu na si wawili: wawili wanaweza kufungiana mlango, upendo uliokamilika unataka wa tatu wa kupendwa pamoja. Lakini hakuhitaji akili tatu kufika huko. Moltmann analipa bei kubwa mno, miungu watatu wanamsubiri kwenye kona.

#57 Mwanaharakati_wa_Mawazo
Na Barth anasubiriwa na yule wa maji na barafu.

#58 Nuru_ya_Alfajiri
Naskia nimetajwa 🙋🏾‍♀️ kwahiyo Barth ni mwenzangu?

#59 Rafu_ya_Juu
Barth alikana kuwa wa Sabellius, kwake namna zote tatu ni za milele na kwa pamoja. Wakosoaji wake hawajaridhika mpaka leo.

#60 Dada_Mkubwa
Mimi nina swali dogo nitaulizwa na yule mtoto. Mwana anazaliwa, Roho anatoka. Tofauti ya kuzaliwa na kutoka ni nini? Maana kama hakuna tofauti, Baba ana Wana wawili.

#61 Mzee_wa_Zaburi
Gregori wa Nazianzo, askofu mwingine wa karne ya nne, aliulizwa hivyo hivyo Konstantinopoli. Akasema nielezee wewe kwanza maana ya Baba kutozaliwa, nami nitakueleza kuzaliwa kwa Mwana na kutoka kwa Roho, kisha wote wawili tuchanganyikiwe kwa kuchungulia siri za Mungu.

#62 Kichwa_Kigumu
Mzee, huko ni kukwepa swali kwa Kigiriki fasaha.

#63 Msomi_Mlei
Magharibi tuna jibu, dada. Mwana anatoka kwa Baba peke yake, Roho anatoka kwa Baba na Mwana. Hapo ndipo wanapotofautiana. Kama nafsi ni uhusiano (#22), na Roho hana uhusiano wa kutoka kwa Mwana, hakuna kinachomtofautisha na Mwana.

#64 Mlinzi_wa_Lango
Umeingiza "na Mwana" kwa mlango wa nyuma 😀 Kanuni ya 381 inasema anatoka kwa Baba, nukta. Kuzaliwa na kutoka ni namna mbili, hatuhitaji kujua zinatofautianaje ili tujue zinatofautiana. Tatizo si letu, ni la hiyo nadharia yako ya uhusiano kuwa ndio nafsi, imekulazimisha kuongeza neno kwenye kanuni.

#65 Msomi_Mlei
Au imetuonyesha kwa nini lilihitajika.

#66 Sikio_la_Kufa
1054 hiyo inakuja, Mashariki na Magharibi kutengana tena. Mods, hawa wawili wafunguliwe uzi wao.

#67 Dada_Mkubwa
Wasifungue kwanza, kipindi ni kesho. Mlinzi, hiyo ya "namna mbili" mtoto akiniuliza namna zipi nimwambieje?